Kilo Mia Moja za Mbele

4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mama nimeshamwamkia kwa simu, akaniambia jino la nyuma bado linakusumbua na kung'olewa hutaki. Masikio tuliyasamehe, maana miaka arobaini ya kusaga chuma kwa grinda haimwachii fundi masikio. Jino lina kisingizio gani? Sisi huku wazima. Mafundi wangu sasa wamefika sita, na duka langu la sola limehamia mlango wa pili, ule wenye kivuli.

Naandika kwa sababu simu husikii, na hili sitaki lipitie kwa mama, utasema nimemtuma. Nasikia humo kwenye trela mnamoishi ikifika saa tisa mchana cherehani inazubaa, taa zinafifia, na mama anamalizia maturubai ya wenye malori kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Mwanamke wa miaka sitini na sita! Sikiliza hesabu. Betri za trela ziko nne, za maji, kila moja ampia mia. Kwenye karatasi ni mia nne. Lakini betri ya maji ukiinyonya zaidi ya nusu unaiua, kwa hiyo una mia mbili. Na zako zina miaka saba. Nikizipima leo nitashangaa zikitoa tisini. Nataka kukuletea za lithiamu. Mbili tu. Hizo unazinyonya karibu zote, hazitaki maji, hazitoi mvuke wa kula vyuma vyako, na zinajaa kwa saa tatu badala ya kutwa nzima.

Swali moja la kifundi: kwa nini sanduku la betri uliliweka kule mbele kabisa, juu ya mkono wa kuvutia, ule wa chuma unaovikwa kwenye gari? Waya wa kufika kwenye cherehani unakuwa mita sita bure, na umeme unapotelea njiani. Mimi ningeliweka chini ya kitanda.

Nauliza kwa sababu trela umelijenga mwenyewe na hukuwahi kunionyesha. Kaka ulimshikisha mashine ya kuchomelea akiwa na miaka kumi na miwili, akaishia kuuza viatu. Mimi uliniambia nitapofuka.

Binti yako.


11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwenye simu ya mama yako, kwa miwani miwili, yangu juu ya yake. Hii naandika kwenye karatasi, yeye ataipiga picha akutumie. Ikija imepinda mlaumu mpiga picha. Jino lipo palepale, na mimi nipo palepale.

Betri zangu ziache. Nimezitunza kuliko nilivyotunzwa mimi. Kila Jumapili naziongeza maji, nazisugua vichwa, nazipaka grisi. Hicho kitu chako ni kile kile cha kwenye simu, na kinalipuka. Kuna dereva hapa kwenye maegesho simu ilimwakia mfukoni, mpaka leo anakalia upande mmoja.

Sanduku lipo mbele kwa sababu nimeliweka mbele. Ukijenga lako liweke hata juu ya paa.

Na viatu vya kaka yako vina soko.

Baba yako.


2 Machi

Mwanangu,

Hujambo. Usinijibu kwamba hujambo.

Nilikwenda mjini kung'oa jino, siku mbili. Sasa ndiyo naelewa kwa nini mama yako alinisindikiza huku anatabasamu. Katika ndoa yetu yote hajawahi kunisindikiza namna ile. Nimerudi na shavu kama puto, nikachukua chupa ya maji ya betri, nikafungua sanduku. Mwanangu, nilipiga ukelele maegesho mazima wakaja! Nilijua nimeibiwa. Ndani mna nafasi ya kulala mtu, na pembeni vimekaa vidubwasha viwili kama maboksi ya viatu. Nilishika kichwa kwa mikono miwili, nikasahau hata shavu. Madereva walishaokota vyuma wanamtafuta mwizi, mama yako yuko ndani anashona na kucheka mpaka kavunja sindano.

Umeingia kwenye trela langu bila mimi. Ndani ya wiki moja nimeng'olewa jino na betri nne, na nililoulizwa ni jino peke yake.

Naishia hapa.

Baba yako.


6 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, na pole ya shavu. Maji ya chumvi, ya uvuguvugu, mara tatu kwa siku.

Ni kweli nilikuja mwenyewe. Sikuleta fundi hata mmoja. Kila fyuzi nimeifunga kwa mkono wangu. Chaja ya zamani nimeitoa, maana ingezipiga betri mpya umeme usiozifaa. Kati ya gari na trela nimeweka kifaa cha kuzuia lithiamu isiinyonye alteneta, dinamo ya gari, mpaka iungue. Waya nimebadilisha mita zote sita, mnene. Kuna kikomo cha joto, kuna kikomo cha baridi, kuna kikomo cha kukata zikiisha. Haziwaki, baba. Nimefunga za aina hii nyumba mia mbili na kumi na nne.

Na sasa hesabu utakayoipenda. Betri zako, kilo thelathini na moja kila moja, nne ni mia na ishirini na nne. Zangu, kumi na mbili kila moja, mbili ni ishirini na nne. Nimekutua kilo mia moja kamili. Na kwa kuwa nimekutua mia, nimemfungia mama tanki la maji la lita sitini kule nyuma, chini ya dirisha la jiko, aachane na ndoo. Mia toa sitini: trela limepungua kilo arobaini. Nimewaletea umeme, nimewaletea maji, na bado mzigo umepungua. Haya, ikatae hesabu hiyo.

Najua ningeuliza. Niliuliza.

Binti yako.


28 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mafundi wako sita hawajambo? Shavu limerudi mahali pake. Mama yako mzima, anakusalimu, anasema tanki lisiguswe na mtu.

Nimechelewa kuandika. Nilikuwa nasubiri kile kitu kiharibike ili nikuandikie. Siku ishirini na sita nimekaa nacho macho, hakijaharibika. Cherehani inakwenda toka asubuhi mpaka jua linazama, haizubai. Mama yako anatoa maturubai manne kwa siku, zamani mawili na nusu. Friji inagandisha. Tumeshindwa hata kuhama hapa, kazi zinaingia tu, na madereva wa malori ya jirani wanakuja kuchaji simu.

Jana dereva mmoja kaniuliza, mzee, nani kakufungia mtambo huu? Nikamwambia binti yangu. Akasema, fundi wa kike? Nikamwambia, fundi. Umesikia? Nikamwambia fundi, nikaishia hapo.

Kushika mashine ya kuchomelea ningekushikisha. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kike, niliogopa macho yako. Sikuwa na sababu nyingine.

Baada ya wiki mbili tunahama, kuna maegesho mapya upande wa pili wa milima.

Baba yako.


1 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma dukani nimesimama, mteja ananisubiri na paneli begani. Nikamwambia asubiri tena kidogo.

Neno hilo, fundi, nimelisubiri mpaka nina miaka arobaini na tatu. Basi tu nimekuandikia ujue.

Safari njema. Ukifika nitumie hata mstari mmoja.

Binti yako.


17 Aprili

Mwanangu,

Hujambo. Picha hii nimepiga mwenyewe, ndiyo maana kidole kinaonekana. Mama yako mkono umefungwa kifuani. Amevunjika mtulinga, mfupa wa begani. Kaka yako alikwambia kwa simu, lakini nataka ulisikie kwangu.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Barabara kavu, matairi mazima, ule mteremko mrefu wa kushuka milimani. Nilikuwa kwenye sabini, si zaidi. Lori likatupita, likatupiga upepo. Mara nikasikia kiti kinanicheza chini yangu. Natazama kioo, trela linatikisa mkia. Kushoto, kulia, na kila likirudi linarudi kwa nguvu zaidi. Nikashika usukani kama mtu anayezama, nikakanyaga breki. Halafu tukapinduka, barabara ikawa upande wa dirisha la mama yako.

Nimeendesha miaka arobaini na sita. Nimekaa hapa siku ya tano bado nauona ule mkia.

Ubavu wote wa trela umefunguka kama kopo. Maturubai ya watu yalitapakaa barabarani, watu wakayaokota wakayakunja, Mungu awabariki. Cherehani imepona, na gari limebonyea mlango tu. Betri zako hazikuwaka, zilikuwa zimekaa palepale ulipozifunga.

Askari ameandika: dereva, miaka sabini na mmoja, alishindwa kulimudu gari. Kaka yako akaja, akanichukua ufunguo mkononi mbele ya watu. Niliuachia. Sikubishana, maana wameandika kweli. Mikono imeniasi. Nilikuwa na mama yako ndani, na mikono ikaniasi.

Tuko sebuleni kwa kaka yako. Sitaendesha tena. Usije kunibembeleza.

Baba yako.


19 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, na pole, pole tena. Mama nilimwona hospitali kwa macho yangu usiku ule wa ajali, wewe ulikuwa umelala kwenye benchi, nikakataza wasikuamshe. Mfupa utaunga kwa wiki sita.

Sikubembelezi. Nitasema ambalo wengine wanalizunguka. Ukiwa kwenye sabini, gari linakula mita kumi na tisa kila sekunde. Mkono wa mtu wa miaka sabini na mmoja ukichelewa nusu sekunde tu, tayari ni mita tisa na zaidi umekwenda bila dereva. Si aibu, ni umri. Kaka amefanya vizuri kuchukua ufunguo, na unajua kumsifu kaka kunanigharimu nini.

Pumzika. Kazi ulifanya ya kutosha. Trela nitakwenda kuliona yadi, nitoe betri kabla hazijaibiwa.

Binti yako.


2 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Kaa kwanza. Mwite mama naye akae, umsomee kwa sauti, neno kwa neno, usiruke.

Juzi nilikwenda yadi. Mwenye gari la winchi, yule aliyewainua siku ile, ndiye mwenye yadi. Mtu mnene, mcheshi, anakula karanga. Nimefungua sanduku natoa betri, akaja akachungulia.

"Dada, humu mlikuwa mnabeba nini?"

"Betri."

"Hizi?" Akacheka. "Sanduku la bati la milimita sita kwa ajili ya hizi? Aliyelichomelea hili alikuwa na kitu kizito, tena alitaka kiwe humu humu."

Nikamwambia zilikuwa nne za maji, nimezitoa.

"Ukaweka nini badala yake?"

"Hizi."

"Na nyuma?"

Akazunguka mwenyewe, akaliona tanki, limepasuka lakini lipo. Aliporudi alikuwa hatafuni tena.

"Trela lisipouegemea mkono wa mbele, dada, linamchezea anayelivuta. Upepo mdogo tu, mkia unaanza. Ukianza, hata umpe usukani kijana wa miaka ishirini na tano. Nayainua hapa kila mwezi." Akaniangalia. "Yule mzee ni nani wako?"

"Baba."

"Na aliyefunga hivi vitu?"

Nikamwambia fundi fulani. Ndivyo nilivyomwambia, baba. Fundi fulani.

Alipoondoka nilichukua futi kamba. Mkono wa kuvutia uko mita tatu na sentimita ishirini mbele ya ekseli. Sanduku liko mita mbili mbele ya ekseli. Tanki liko mita moja na sentimita sitini nyuma yake. Kilo mia nilizotoa mbele, kwa umbali ule, ziliunyang'anya mkono kilo sitini na mbili na nusu. Tanki lililojaa kule nyuma likaunyanyua kwa kilo thelathini nyingine. Jumla tisini na mbili na nusu. Ndani ya kifuniko cha sanduku umeandika kwa rangi nyeupe: 95. Niliiona siku ile ya kufunga, nikadhani ni namba ya kopo la rangi. Ulikuwa umepima. Gari lilipaswa kubebeshwa kilo tisini na tano, na uliliweka sanduku mbele ili zipatikane.

Tisini na tano toa tisini na mbili na nusu.

Mbili na nusu, baba. Uzito wa kuku. Nimewapandisha milimani na kuwashusha na trela lililoshikwa na uzito wa kuku.

Nimerudia hesabu mara nne. Nikampa fundi wangu mmoja airudie bila kumwambia ni ya nini, akaleta ile ile. Mimi nilijumlisha kilo, nikatoa kilo, nikajisifu kwa kilo arobaini. Kwamba kilo zinakaa wapi, sikujiuliza hata mara moja. Kwenye paa za watu hesabu hiyo haipo, paneli haitembei.

Mikono yako haikukuasi. Ile barua yangu ya nusu sekunde ichane.

Uliniambia sanduku lipo mbele kwa sababu umeliweka mbele. Silitaji hilo nijikinge nalo. Nalitaja kwa sababu naamka nalo.

Kesho napeleka vipimo polisi, na jina langu.

Binti yako.


14 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Siku kumi na mbili hujaandika. Mama namuuliza kwa simu, anasema: anaitoa, anaisoma, anairudisha.

Polisi wamepokea. Askari aliyeandika ile ripoti alinisomea yangu mara mbili, akaniuliza kama nina uhakika nataka kutia sahihi. Nimetia.

Kazi za matrela nimezisimamisha zote. Nilikuwa nimeshafunga matatu mengine. Nimeyafuata moja baada ya jingine na mizani, mawili yako sawa, la tatu nililikuta linajiandaa kuondoka, familia imeshapanda. Niliwashusha. Yule baba alinitukana mbele ya watoto wake, nami nikasimama nikatukanwa mpaka akachoka.

Na wewe nitukane. Andika hata tusi moja, mama alipige picha.

Binti yako.


21 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mama yako jana amefunguliwa mkono, ananyoosha vidole vyote, bega linalia kidogo akiinua juu. Anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza, utashangaa, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa vipimo vilikuwa vya mgonjwa mwingine. Nilikwenda nje nikaitazama mikono yangu juani. Mara ya pili nikaukumbuka mlio wa mfupa wa mama yako, maana niliusikia, mimi nisiyesikia kitu, na nikakukasirikia mpaka chakula kikanishinda. Hasira hiyo bado ipo. Ukija, usije ukijidai imekwisha.

Hizo mara nyingine zote nilikuwa natafuta namna ya kuandika haya yafuatayo.

Asubuhi ile ya kuhama, mama yako alijaza tanki lake, mimi nikaenda kulivika trela kwenye gari. Miaka kumi na moja huwa nainua ule mkono kwa jeki, kwa sababu kilo tisini na tano mgongo wangu hauziwezi. Asubuhi ile jeki ilikuwa mbali. Nikajaribu kwa mkono. Ukapanda. Mkono mmoja, mwanangu! Wa pili nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na haikumwagika.

Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angesimama pale pale. Ningemkuta fundi mwingine anavika trela jepesi namna ile ningempiga kofi. Niliyepima ni mimi, niliyeandika ile namba ni mimi, na mkono wangu ulipouinua ulijua. Najua kwamba mkono ulijua. Lakini moyoni nilikuwa na neno moja tu: tazama binti yangu alivyonipunguzia. Nilifurahi. Nikavika, nikamaliza chai, nikamwita mama yako tuondoke.

Mpaka leo sikuwa nimemwambia mtu. Mama yako amejua leo, wakati naandika, maana anasoma juu ya bega langu. Sasa ameniambia niendelee.

Kwa hiyo ile karatasi yako ya polisi imepungukiwa jina moja. Leo nimekwenda kulitia, mama yako akanisubiri nje. Kituo ni mbali na hapa kwa kaka yako, kilomita nne, na nitakueleza nilivyokwenda.

Asubuhi nilichukua ufunguo wangu juu ya kabati lake. Mama yako hakuniuliza naenda wapi. Akavaa viatu, akaingia kwenye gari, akafunga mkanda juu ya bega lile linalolia. Nikawasha. Kaka yako akatoka na mswaki mdomoni, akasimama katikati ya geti, mikono ameitandaza, ananiambia mzee shuka, mzee unatafuta nini tena. Nikapiga honi. Hakusogea. Mama yako akaegemea upande wangu, akanyoosha mkono uliofunguliwa jana, akapiga yeye, akaukandamiza hapo hapo mpaka majirani wakafungua madirisha.

Akasogea.

Baba yako.